Mlima Elgon: ukienda kuona pango la ndovu, tafuta mwenyeji kwanza

Mtembezi_wa_Bondeni

Wadau wa Nakuru na pande zote za magharibi, salaam.

Likizo ya Desemba ikikaribia, maswali humu huwa yale yale. Ziwa Nakuru tumeliona, Menengai tumepanda hadi tumeichoka, Hell's Gate tumeendesha baiskeli. Sasa twende wapi pasipo na msururu wa magari ya watalii? Jibu langu halijabadilika: Mlima Elgon, upande wa Kitale. Ila nina sharti, na ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Usiende kwa kutegemea ramani ya simu. Nenda na mtu wa mlima ule.

Nasema hivyo kwa sababu wengi hurudi na lawama: "Tumezunguka siku nzima, hata ndovu mmoja hatukumwona." Ni kweli, huenda usimwone. Huu ni msitu, si Maasai Mara. Majangili waliwapukutisha ndovu wa Elgon miaka ya sabini na themanini, na waliosalia wamejua kumkwepa binadamu. Shughuli zao nyingi ni za usiku. Utakachokuta ni alama zao, na alama bila mtu wa kukusomea ni mikwaruzo tu ukutani.

Njia ni rahisi. Nakuru hadi Eldoret ni kama kilomita 155, na nyingine 70 hivi hadi Kitale. Watu wa Kisumu wanapitia Kakamega na Webuye. Lala Kitale, asubuhi shika matatu ya Endebess, kisha boda hadi lango la Chorlim. Malipo ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ni ya mtandaoni kwa eCitizen, kwa hiyo usifike langoni ukihesabu noti. Ndani unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari wao mwenye bunduki, na usione aibu kumwomba: nyati wapo, na nyati wa msituni unamwona mkiwa mmeshakaribiana. Ukitaka kulala, kuna mabanda ya Kapkuro. Beba chakula chako. Msimu mzuri ni Desemba hadi mapema Machi. Mvua ikishaanza, lile tope jekundu halijali gari lako ni la bei gani.

Mbuga yenyewe ilitangazwa mwaka 1968 na ina kilomita 169 za mraba. Si kubwa, lakini imesimama wima. Unaanza kwenye miti mirefu ya podo, mierezi na ule mti wanaouita tiki ya Elgon, mbega wakiruka juu na mikia yao myeupe. Ukipanda zaidi unaingia mianzi, halafu miti inaisha na unakuta nyasi za baridi na mimea mirefu ya ajabu inayokua kwenye milima mirefu tu ya Afrika Mashariki. Kilele cha Koitobos kina mita 4,222. Wagagai, ambacho ndicho kirefu kabisa, kiko Uganda na kina mita 4,321. Katikati ya vilele hivyo ni kreta pana ya volkano iliyozimika zamani sana. Mlima huu ni mzee kuliko Kilimanjaro.

Lakini kiini cha safari ni mapango: Kitum, Makingeny, Chepnyalil, Ngwarisha. Makingeny ina maji yanayoporomoka mbele ya mdomo wake, na kwa picha ndiyo tamu zaidi. Kitum ndiyo yenye habari. Inaingia kama mita 200 ndani ya mlima. Ukipita mdomoni mwanga unakatika haraka, chini ni vumbi laini lililochanganyika na kinyesi cha popo, na harufu inakukaba koo. Elekeza tochi ukutani. Utaona mitaro mirefu iliyochimbwa, mingine juu kuliko kichwa chako, mingine chini usawa wa goti. Ile ya juu ni pembe za ndovu wakubwa. Wanaingia gizani wakipapasa njia kwa mkonga, wanachokonoa mwamba kwa pembe, wanausaga kwa magego na kumeza, kwa ajili ya chumvi iliyomo. Mvua ya mlimani huosha chumvi kwenye udongo, ndiyo sababu majani ya kule hayawatoshi. Pembe zenyewe husagika kwa kazi hiyo. Nyati na pongo nao huja kulamba walichoangusha wakubwa.

Askari tuliyekuwa naye alitueleza haya yote vizuri. Lakini kijana wa Kisabaot, jamii ya mlima huu, aliyefuatana nasi ndiye aliyetuonyesha kwamba mitaro kadhaa karibu na mdomo si ya ndovu. Ile iliyonyooka, yenye kingo kali, ni ya shoka. Wazee wake walichonga chumvi humo kwa ajili ya ng'ombe, na usiku wa hatari waliingiza ng'ombe na watoto ndani. Wazungu walipopita huku mwaka 1883, Joseph Thomson akiwa mmoja wao, walikuta watu wakiishi mapangoni. Hilo hutaambiwa kama umekwenda na dereva wa Nairobi.

Karibuni kwa maswali.

NyarMilimani

Asante kaka kwa maelezo. Mimi niko Kisumu, nina watoto wawili, mmoja wa darasa la tatu. Nimesoma kwamba pango hilo la Kitum lina ugonjwa unaofanana na Ebola. Ni kweli au ni maneno ya mitandao? Na usalama je? Mume wangu akisikia Mlima Elgon anakumbuka SLDF tu, wale wapiganaji wa Sabaot.

Muuguzi_Moi's_Bridge

Dada, la ugonjwa nijibu mimi. Ni kweli. Unaitwa Marburg. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alizuru Kitum, akaugua na kufia Nairobi. Daktari aliyemhudumia akaambukizwa, akapona. Mwaka 1987 mvulana wa Denmark wa miaka 15 alifariki baada ya kufika pango hilo hilo. Wabebaji ni popo wa matunda, wale wanaolala mapangoni kwa wingi. Mwaka 2008 kuna mtalii wa Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango la popo magharibi mwa Uganda, kwa hiyo si hadithi ya kale.

Hatari ya mtu mmoja mmoja ni ndogo, maana watu wengi wameingia Kitum na hawakupatwa na kitu. Lakini ugonjwa wenyewe ukikushika ni mbaya, na chanjo iliyoidhinishwa hakuna. Kwa mtoto wa darasa la tatu anayeshika kila kitu halafu anatia kidole mdomoni, mimi ningemwacha mdomoni mwa pango, kwenye mwanga. Mtu mzima akitaka kuingia ndani avae barakoa, glavu na mikono mirefu, asiguse ukuta wala kinyesi, asile humo, anawe akitoka. Na ukipata homa ndani ya siku 21 baada ya kuingia, mwambie daktari ulikuwa pangoni. Watu husahau kusema hilo, wanatibiwa malaria.

Bok_wa_Kopsiro

Na la usalama nijibu mimi ambaye ni wa huku. SLDF ilianza 2006 kwa ugomvi wa mashamba ya Chebyuk, jeshi likaingia Machi 2008. Tuliumia pande zote mbili, na wako ambao hadi leo hawajui ndugu zao walizikwa wapi. Lakini hiyo ilikuwa upande wa Cheptais na Kopsiro, kaunti ya Bungoma, si Endebess kwenye mbuga. Na ilishaisha. Leo watu wa huku wanalima vitunguu, kabeji na viazi, magari ya soko yanapanda na kushuka. Mwambie mzee asihofu. Ila nawaomba wageni: msije mkauliza mama wa watu stori za SLDF mkiwa mnanunua viazi. Si utalii huo.

Kipkaren_Original

Uzi mzuri, lakini kuna kitu mnakizunguka. Mtembezi anasifia wenyeji kana kwamba ndio walinzi wa msitu. Mimi nalima chini ya mlima. Mto nilioutumia utotoni siku hizi Februari unavuka bila kukunja suruali. Elgon ndiyo inayolisha Nzoia hadi Ziwa Victoria, na Suam inayoshuka Turkwel hadi Turkana. Kila mtu anayekaa juu kule na ng'ombe wake anakunywa maji yetu. Serikali iwatafutie ardhi kwingine, msitu ubaki wa wanyama. Huwezi kuwa na mbuga na kijiji mahali pamoja.

Chep_Laboot

Kipkaren, nimekusoma mara mbili nisije nikakujibu kwa hasira.

Kwanza tusichanganye mahali. Mbuga ya KWS ambayo Mtembezi anaisimulia iko Trans Nzoia, na ndani yake hakai mtu. Sisi Ogiek, jamii ya wawindaji na warina asali, tuko Chepkitale, kusini-magharibi yake, juu ya mianzi, kwenye nyasi. Kuna pia msitu wa serikali ulio chini ya KFS, shirika la misitu. Ni vitu vitatu vyenye wenyewe watatu, na mgeni akijua hilo tu ameshatuelewa nusu.

Pili, "kwingine" unakosema tulishapelekwa. Mwaka 1971 ulipoanza mpango wa serikali wa kugawa mashamba ya Chebyuk, wazee wetu waliambiwa washuke wakalime. Wengine walishuka, mashamba yakagawanywa na kugawanywa tena hadi yakazaa vita alivyovitaja Bok hapo juu. Wengine walirudi juu. Halafu mwaka 2000 Chepkitale ikatangazwa hifadhi ya kitaifa bila mtu kutuuliza, ghafla nyumba ya babu yangu ikawa kosa la jinai. Nyumba zimechomwa zaidi ya mara moja. Tulikwenda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii yetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inasema wazi kuwa ardhi za mababu wa jamii za wawindaji na wakusanyaji ni ardhi ya jamii. Sikuitunga mimi.

Tatu, msitu. Sheria zetu za Chepkitale tumeziandika, na kuchoma makaa ni marufuku. Nenda uangalie mipaka: miti ya podo inaposhuka usiku kwa malori, inatoka upande gani, na nani ana kibali mfukoni? Mtu wa mizinga hawezi kukata mti wenye maua. Mzinga wangu naupachika juu ya mti, nyuki wanakula maua ya msitu huo huo. Ukiukata nimekula nini?

Sasa kwa wageni. Karibuni, lakini msije mkitafuta "kijiji cha utamaduni". Hatuna kiwanja cha kuchezea ngoma saa nne asubuhi na saa tisa. Ukija kwetu Laboot njoo kupitia mji wa Kapsokwony, na mtu anayejulikana, akupeleke kwa wazee kwanza. Eleza umekuja kwa nini. Picha uliza, hasa za watoto. Usituite Wandorobo, ni jina la dharau. Ukitaka kununua asali, nunua kwa bei anayosema mwenye asali. Anayeshika mtungi wa asali akaanza kubishania shilingi hamsini huwa namshangaa, ilhali Kitale amelipa soda ya hoteli mara mbili. Ukibahatika, mzee atakupeleka kwenye mzinga. Ni gogo la mwerezi lililopasuliwa, likachimbwa ndani, likafungwa tena na kupachikwa kwenye uma wa mti. Anapanda na moshi wa maganda yaliyofungwa kama mwenge, anaingiza mkono wote hadi begani, na haongei. Na wewe usiongee.

Mwalimu_Njoro

Chep, pole na hongera. Niongeze kwa watu wa Nakuru, maana tunapenda kwenda mbali kutafuta tulichokiacha mlangoni. Ogiek wa msitu wa Mau ni majirani zetu. Mariashoni na Nessuit ziko juu tu ya Elburgon na Njoro. Kesi yao ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 wakashinda: serikali ilionekana imevunja haki zao kwa kuwafurusha Mau. Juni 2022 mahakama hiyo hiyo ikaamuru walipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhila mengine, na ardhi yao itambuliwe. Novemba 2023 bado watu walivunjiwa nyumba Sasimwani, upande wa Narok. Kwa hiyo Kipkaren, hoja yako ya "wahamishwe kwa ajili ya mito" Arusha waliipima. Serikali iliileta, mahakama ikasema haikuthibitishwa kwamba Ogiek ndio walioharibu Mau.

Wanafunzi wangu wa Kiogiek wanatoka huko kwa miguu. Wengi darasani hawasemi kwao ni wapi.

Kipkaren_Original

Mwalimu, Chep, nimesikia. La malori yenye vibali nakubali, hata mimi nimeyaona, na sikuwa nimesikia habari za hukumu ya Bungoma. Lakini la ng'ombe hamjanijibu. Babu wa Chep alikuwa na mizinga na ng'ombe wachache. Leo vijana wana mifugo kuliko hapo zamani, na wengine si mali yao, ni ng'ombe wa matajiri wa chini waliopelekwa kulishwa juu. Hizo nyasi zina mwisho.

Chep_Laboot

La ng'ombe wa matajiri ni kweli, na linatuuma sisi kuliko wewe. Ndiyo maana tulitaka hati ya ardhi. Mtu asiye na hati anawezaje kumwambia mwenye hati atoe ng'ombe wake? Idadi ya mifugo inazungumzwa kwenye mikutano yetu na wazee wanagombana. Sitakudanganya kwamba limeisha.

Mwana_wa_Shinyalu

Naona mmepanda mlima hadi mahakamani 😂 Mimi nirudishe msafara chini kidogo kwa ajili ya dada wa Kisumu mwenye watoto. Dada, kabla ya Elgon jaribu Msitu wa Kakamega. Ni kama kilomita 50 tu kutoka Kisumu, unaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ni kipande cha msitu wa mvua wa aina ya Kongo, cha pekee kilichobaki Kenya. Una milango miwili: Buyangu kaskazini ni ya KWS, Isecheno upande wa Shinyalu ni ya KFS. Isecheno ina vijana wa kijijini ambao ni waongozaji wa miaka mingi. Wanajua ndege kwa sauti tu. Mwombe akupeleke kilima cha Lirhanda kabla jua halijachomoza, uone ukungu ukitoka juu ya miti. Watoto watapenda kima na mbega, hao wako hapo hapo barabarani. Pango la Lirhanda ni shimo la wachimba dhahabu wa zamani, na lina popo pia, kwa hiyo yale ya Muuguzi yanahusu na huko.

Mama zetu wanauza mizizi ya mukombero kando ya njia. Tafuna, lakini usiulize mbele ya watoto unasaidia nini.

NyarMilimani

😂😂 Shinyalu, nimekuelewa. Basi Kakamega na watoto kwanza, Elgon nitaenda na wenzangu wa chama. Mapango nitaishia mdomoni. Swali la mwisho: njiani kuna kingine cha kuona, au ni moja kwa moja?

Bok_wa_Kopsiro

Mkifika Kitale mapema pitieni Saiwa Swamp. Ndiyo mbuga ndogo kuliko zote Kenya, haifiki hata kilomita tatu za mraba, na ilitengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu. Hakuna gari linaloingia. Mnatembea juu ya njia za mbao na kupanda majukwaa ya kuchungulia. Mwende alfajiri au jioni. Mchana nzohe hujificha kwenye matete na mtaona masikio tu.

Mtembezi_wa_Bondeni

Uzi umenoga kuliko nilivyotarajia. Chep, ulichosema cha kupitia Kapsokwony nitakiweka kwenye maelezo ya juu ili wanaosoma haraka wasikipite.

Kuhusu safari: kuna kundi la Nakuru linatoka wiki ya pili ya Januari. Mpango ni Ijumaa kulala Kitale, Jumamosi Kitum na Makingeny, Jumapili tuzunguke hadi Kapsokwony tupande Laboot kama wazee watakubali. Wasiotaka kuingia pangoni wasilazimishwe. Gharama ya mwenyeji tunaiweka kwenye hesabu tangu mwanzo, kama mafuta ya gari, si bahasha ya huruma mwishoni. Wanaotaka nafasi waniandikie faraghani. Chep, Jumapili inawafaa?

Chep_Laboot

Jumapili hapana, wengi tuko kanisani hadi mchana, na mkichelewa kupanda mtashuka gizani. Geuzeni: Laboot Jumamosi, mapango Jumapili. Nitaongea na wazee wiki hii nikupe jibu. Msizidi watu kumi. Mje na gambuti na sweta nzito, huku Januari usiku nyasi zinashika barafu. Na yule mwenye droni aiache Nakuru.

Kipkaren_Original

Nafasi moja mniwekee.